Barabara zetu ziliwafunza wengine

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeirudia madarasani hadi imekuwa kama sala, na sina nia ya kuipinga. Ila ipo bidhaa moja isiyoweza kupata sifa yake pasipo kujitembeza, nayo ni gari. Gari lililosimama dukani, likiwa limepakwa rangi na kung'arishwa, halijasema neno. Husema linapopanda mlima, linapovuka mto uliofurika, na linapopita mahali ambapo lori limekwama. Na katika magari yote yaliyojitembeza humu nchini hadi yakajiuza yenyewe, sijaona lililofanya hivyo kwa ufasaha kuliko Datsun, gari la bei nafuu kutoka Japani.

Nayaandika haya nikiwa Kapsokwony, katika mteremko wa kusini wa Mlima Elgon, mahali ambapo kila gari hufanya mtihani kila siku bila ya msimamizi. Viazi, vitunguu, kabichi na kahawa ya huku juu sharti viteremke hadi Chwele, Kimilili, Bungoma au Kitale. Nayo mbolea, sabuni na vitabu vya shule sharti vipande. Mvua ikinyesha, njia za vijijini hugeuka utelezi wa udongo mwekundu ambao huwanyenyekeza hata wenye magari ya fahari. Mnunuzi wa huku haulizi redio ya gari ina sauti gani. Huuliza mambo matatu: bei yake ni kiasi gani, litafika, na likiharibika nani atalitengeneza? Leo jibu la wengi ni Toyota Probox, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 kwa kazi za biashara ndogo ndogo, na ambalo huku kwetu limefanywa basi, lori na gari la wagonjwa. Kwa kizazi cha baba zetu, jibu la maswali hayo lilikuwa Datsun.

Halikuwa gari la mkubwa. Mkubwa alikuwa na Mercedes, na serikali ilikuwa na Land Rover. Datsun lilikuwa gari la mwalimu, la karani wa chama cha ushirika na la mwenye duka aliyeweka akiba kidogo kidogo. Chukua mfano wa Datsun 1200, lililotoka kiwandani mwaka 1970. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita 1171 tu, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 700. Nguvu hizo ni chache, lakini gari jepesi halihitaji nguvu nyingi ili litii. Usukani ulimweleza dereva hali ya barabara kupitia viganja vyake. Gia ziliingia bila ubishi. Na aliyeketi nyuma ya usukani huo alijihisi kuwa yeye ndiye aendeshaye gari, wala si gari limwendeshalo yeye. Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia. Raha ya namna hiyo haihitaji mwendo wa kasi. Hutokana na maelewano kati ya mtu na chombo chake, kama maelewano ya seremala na randa yake.

Isitoshe, injini hiyo ilikuwa kitabu kilicho wazi. Kabureta, plagi, mkanda na pampu vilionekana kwa macho pindi boneti ilipofunguliwa. Fundi mwenye spana chache na kivuli cha mti aliweza kuisoma. Ndiposa gari hilo likapendwa: lilikuwa nafuu kununua, nafuu kutengeneza, na tamu kuendesha. Sifa hizo tatu ni nadra kukutana katika chombo kimoja. Swali linalopasa kutushughulisha sisi walimu na wanafunzi ni hili: zilikutanaje?

Historia yatujibu kwamba hazikukutana kwa bahati. Mwaka 1911, mhandisi aitwaye Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya magari mjini Tokyo. Mwaka 1914 ilitoa gari dogo lililoitwa DAT, jina lililofumwa kwa herufi za kwanza za wafadhili wake watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 likazaliwa gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT kwa Kiingereza. Lakini silabi hiyo ya mwisho, kwa sikio la Mjapani, ilikaribiana mno na neno lenye maana ya hasara. Basi ikabadilishwa kuwa "sun", yaani jua. Muda si mrefu chapa hiyo ikawa mali ya kampuni ambayo mwaka 1934 ilichukua jina la Nissan.

Vita Kuu ya Pili ikaiacha Japani magofu. Mwaka 1952 Nissan ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Austin ya Uingereza, ikawa inaunganisha magari ya Kiingereza kutokana na vipuri vilivyoletwa kwa meli. Naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Wajapani nao walianza kwa kuunganisha cha wenyewe. Tofauti ni kwamba mkataba ule ulikuwa na kikomo, na ulidai kwamba vipuri vya Kiingereza vipungue hadi vyote vitengenezwe Japani. Katika muda wa miaka michache jambo hilo likatimia. Waliuchukua mkataba kama mwanafunzi achukuavyo kitabu cha maktaba: kwa tarehe ya kurudisha, na kwa nia ya kurudisha kitabu huku elimu imebaki kichwani.

Walipodhani wameelimika, walikwenda kutafuta mtihani. Mwaka 1958 walipeleka magari mawili ya Datsun yenye injini isiyofika lita moja katika mashindano ya kuizunguka Australia, safari ya takriban kilomita 16,000. Mojawapo likashinda katika daraja lake. Kiongozi wa msafara huo, Yutaka Katayama, alipopelekwa Marekani mwaka 1960 aligundua kwamba gari lililosifiwa Australia lilikuwa dhaifu kwenye barabara kuu za huko. Hakuwalaumu Wamarekani kwa mbio zao. Alishikilia kwamba gari ndilo libadilike, na likabadilika. Kati ya madereva wa Australia alikuwamo pia Yasuharu Namba, ambaye baadaye aliisimamia timu ya Nissan katika mtihani mgumu zaidi. Mtihani huo ulifanyika kwetu.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Yaani swali la Safari lilikuwa lile lile la mnunuzi wa Kapsokwony: kwa fedha hizi, litafika? Nissan ilijitosa mwaka 1963, mwaka ambao magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Haikuvuna ushindi. Ikarudi. Mwaka 1966 ikashinda katika daraja lake. Ikarudi tena. Na mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller, wakiendesha Datsun 1600 SSS, wakatwaa ushindi wa jumla. Tangu jaribio la kwanza hadi ushindi huo ilikuwa miaka saba ya tope, mawe, springi zilizovunjika na madaftari yaliyojaa maandishi.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Herrmann alishinda tena mwaka 1971 akiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alilingana alama na Harry Källström, wote wawili wakiwa katika magari ya Datsun, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Mehta huyu alizaliwa Uganda, akalazimika kuhamia Kenya mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza watu wenye asili ya Asia. Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, akiendesha magari ya ukoo wa Violet. Hakuna dereva aliyewahi kumpita kwa jumla ya ushindi wake mitano.

Sasa nifikie hoja yangu. Wajapani walipokuja hapa hawakuja kwa ajili ya kikombe pekee. Walikuja kusoma. Kila ekseli iliyokatika kwenye mawe yetu na kila chujio la hewa lililozibwa na vumbi letu lilikuwa jibu la swali ambalo kiwanda kisingeweza kulijibu kikiwa Japani. Majibu hayo yalirudi kwao, yakageuzwa kuwa chuma bora, kisha tukauziwa. Tena walimu wao wengine walikuwa wenyeji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, ndiye aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1970 akiendesha Datsun. Kwa ufupi, nchi hii ilikuwa darasa, na wakati mwingine ilikuwa mwalimu. Kazi moja tu hatukuifanya: hatukuwa wanafunzi. Wao walibaki na daftari, sisi tukabaki na vumbi na picha za washindi.

Nasema hivyo bila kuwadharau waliojaribu. Katikati ya miaka ya 1970 tulijenga viwanda vya kuunganisha magari mjini Nairobi, Thika na Mombasa, na vimewapa wengi riziki halali. Lakini nusu karne imepita, na sehemu kubwa ya vipuri ingali inafika bandarini ndani ya makasha. Kuunganisha si aibu. Nissan yenyewe iliunganisha. Aibu ni kuunganisha bila tarehe ya kufuzu, kama mwanafunzi anayerudia darasa moja hadi ndevu zimemwota.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya. Wahandisi wetu wakaunda magari machache ya mfano, yakapewa jina la Nyayo Pioneer, na yakaonyeshwa kwa umma mwaka 1990. Fedha zikakosekana, gari halikufika sokoni, na hadi leo wengi wanapolitaja hulitaja kwa kicheko. Mimi sicheki. Gari la kwanza la Hashimoto nalo halikuitikisa dunia. Kati ya gari lake la mwaka 1914 na ushindi wa mwaka 1970 pana miaka 56. Wahandisi wetu hawakupewa hata kumi. Nyayo Pioneer halikushindwa kwa kuwa lilikuwa bovu. Kila gari la kwanza ni bovu. Lilishindwa kwa sababu ubovu wake ulifanywa kuwa mwisho wa somo, ilhali ulipaswa kuwa mwanzo wake.

Na asidhani mtu kwamba jina peke yake latosha. Mwaka 1981 Nissan iliamua kuliondoa jina la Datsun duniani, na kufikia katikati ya muongo huo magari yakawa yakiitwa Nissan. Mwaka 2013 jina hilo likafufuliwa nchini India kwa ajili ya wanunuzi wa kipato cha chini. Mwaka uliofuata, gari lake liitwalo Datsun GO lilipofanyiwa majaribio ya kugongwa, halikupata hata nyota moja ya usalama wa watu wazima waliomo ndani. Mwaka 2022 jina likazikwa tena. Kumbe kuna unafuu wa aina mbili. Upo unafuu wa heshima, unaosema: mnunuzi huyu ana fedha kidogo, basi na tufikiri zaidi. Na upo unafuu wa dharau, unaosema: mnunuzi huyu ana fedha kidogo, basi na apokee atakachopewa. Datsun la Safari lilikuwa la aina ya kwanza. Jina likabaki, heshima ikaondoka, na mnunuzi akatambua.

Nawaomba walimu wenzangu waipime shule kwa kipimo hicho hicho. Shule ya kutwa huku mlimani ni nafuu. Je, ni unafuu wa aina gani? Mwanafunzi wetu husoma msuguano katika kitabu chenye mchoro wa kibao kinachoteleza juu ya meza, kisha hutoka langoni na kumkuta dereva wa Probox akitandika mawe na majani chini ya gurudumu lililozama topeni. Husoma kitovu cha uzito, kisha hupanda gari lililofungiwa magunia ya viazi juu ya paa na kuteremka nalo kwenye kona kali. Mtihani ukimuuliza kwa nini gari lile huyumba, huandika fasili aliyoikariri, asijue kwamba jibu amelipanda asubuhi ile. Hapo ndipo tunapomdharau bila kukusudia.

Yamkini wapo watakaonijibu: hatuna madawati, nawe wadai gari darasani? La hasha, sidai gari jipya. Nadai vile vilivyotupwa. Bamba la breki lililolika, plagi iliyoungua, springi iliyokatika na beringi iliyosagika hupatikana katika kila gereji kuanzia Kapsokwony hadi Kitale, na nyingi hutolewa bure. Mwalimu wa fizikia akiweka springi hiyo mezani ana somo la nguvu na uchovu wa chuma. Mwalimu wa kemia ana somo la kutu. Mwalimu wa hisabati aweza kuwatuma wanafunzi wahesabu lita za petroli na kilomita kati ya Kapsokwony na Bungoma, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda, na walinganishe. Mwalimu wa historia ana Japani ya baada ya vita. Nasi walimu wa Kiswahili tuna deni letu: kuwauliza mafundi majina wanayoviitia vitu hivi, tukayaandika, kabla hatujalalamika kwamba lugha yetu haina msamiati wa sayansi.

Fundi naye aalikwe. Asije kama mtu wa kuoneshwa huruma kwa kuwa hakufika chuo kikuu. Aje kama msomi wa kitabu ambacho wengi wetu hatujui kukifungua. Pale karibu na Kimilili pana Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Matili. Umbali kutoka mlimani si mkubwa kiasi cha kushinda ziara moja kwa mwaka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wahubiri ujuzi wa vitendo. Wale wanaokumbuka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 watakumbuka kwamba nao ulihubiri hivyo hivyo, hadi shule nyingi zikakosa karakana na mahubiri yakaisha. Karakana ikikosekana tena, gereji za barabarani zisikosekane.

Kwa wanafunzi nina neno la tahadhari na neno la kuwatuma. Tahadhari ni kwamba raha ya kuendesha isichanganywe na wazimu wa mbio. Wapo vijana waliomwona Mehta mwana wa kasi, wasimwone mwana wa subira aliyejua lini apunguze mwendo ili gari lifike. Kanuni zilizoletwa na waziri John Michuki mwaka 2004, za mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, zilitokana na makaburi. Dereva stadi ni yule ambaye abiria wake hushuka bila ya kushukuru Mungu kwa sauti.

Na neno la kuwatuma ni hili. Nchi yetu huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa kutoka ng'ambo mradi umri wake usizidi miaka minane, na mengi hutoka Japani. Yataendelea kuja, na yataendelea kuvunjikia hapa, kwa kuwa mawe ya Mlima Elgon hayabagui chapa. Kila kinachovunjika ni swali. Nunua daftari la kurasa 48. Andika ni sehemu gani ilivunjika, katika gari lipi, baada ya mzigo upi, na fundi aliirekebishaje. Fanya hivyo mwaka mmoja, utakuwa na elimu ambayo wahandisi wa Nissan walisafiri maelfu ya kilomita kuja kuitafuta katika nchi hii.

Elimu hiyo haipo juu ya rafu. Ipo chini ya gari, penye grisi na tope, anapolala fundi chali akitazama juu. Na wahenga wale wale waliotuachia ya kizuri na kibaya walituachia pia ya pili, ambayo nadhani waliikusudia hasa kwa ajili yetu: mtaka cha mvunguni sharti ainame.